Spika za mzee: mtambo unaandika PROTECT, besi hakuna, sauti iko kama ndani ya pipa (Kisumu)

MwanaMamboleo – Ijumaa, saa 3 usiku

Habari zenu wote. Naomba msaada, hasa wa mafundi walioko Kisumu na maeneo ya karibu.

Nilimnunulia baba homu thieta ya mkono wa pili, ile ya spika tano na sabwufa. Mzee amestaafu na macho yamepungua nguvu, kwa hivyo siku hizi mpira anausikiliza kuliko kuutazama, na jioni ni rumba na benga mpaka usingizi umchukue. Nilitaka asikie vizuri. Badala yake ameniambia, kwa upole wake ule, kwamba redio yake ya zamani ilikuwa bora. Nimekaa naye nikasikiliza na nimeona anasema kweli.

Mtambo ulikuja bila nyaya zake. Nilinunua waya pacha mwembamba, wa kufungia kengele ya mlango, nikaunganisha mwenyewe. Sauti ya mtangazaji huwezi kujua inatoka upande gani, ni kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Besi hakuna. Spika za nyuma zinanong'ona tu. Na nikipandisha sauti kupita nusu, mtambo unaandika PROTECT, yaani unajilinda, halafu unazima.

Fundi mmoja aliyeuangalia alisema amplifaya imeungua, akataka nimuuzie kama spea. Kabla sijamuuzia nimeona niulize hapa.

FundiKondele – Ijumaa, saa 3 na nusu usiku

Pole ndugu yangu. Usiuze kitu bado. Amplifaya iliyoungua haichezi vizuri mpaka nusu ya sauti ndipo izime. Mara nyingi inaandika PROTECT tangu unapoiwasha.

Nipe mambo manne. Nyuma ya kila spika pameandikwa ohmu (kipimo cha upinzani wa umeme) ngapi? Nyaya zako zina rangi mbili au zote ni rangi moja? Umbali kutoka mtambo hadi spika za nyuma ni mita ngapi ukifuata ukuta? Na kuna mahali umeunga waya katikati? Ukiweza weka picha ya mgongo wa mtambo, taa ikiwa inamulika vizuri.

SautiNzito – Ijumaa, saa 4 usiku

Kama za nyuma hazisikiki, zitoe huko uziunganishe pamoja na za mbele kwenye tundu moja. Zitapata nguvu. Mimi nilifanya hivyo kwa redio ya gari ikalia sana.

FundiKondele – Ijumaa, saa 4 na robo usiku

SautiNzito, najua una nia njema, lakini hapo ndugu yetu ataunguza mtambo kweli. Spika mbili ukizifunga sambamba kwenye tundu moja, ohmu zinagawanyika. Mbili za 8 zinakuwa 4, na mbili za 4 zinakuwa 2. Kadiri ohmu zinavyoshuka ndivyo amplifaya inavyolazimika kutoa mkondo mwingi zaidi, inapata joto, inajilinda kwa kuzima, na siku ikishindwa kujilinda ndiyo mwisho wake. Redio ya gari lako pengine ilivumilia tu. Mitambo hii ya nyumbani ya boksi moja huwa ohmu zake zimekwisha kushushwa kiwandani, mingi inakuja na spika za ohmu 3 au 4, kwa hivyo hakuna nafasi ya kushuka tena.

SautiNzito – Ijumaa, saa 4 na nusu usiku

Sikujua hilo. Ahsante fundi. MwanaMamboleo, usifuate ushauri wangu.

MwanaMamboleo – Jumamosi, saa 1 asubuhi

Nimeamka mapema nikaangalia. Spika zote tano zimeandikwa ohmu 3. Waya ni mweupe pande zote mbili, hauna mstari wala alama. Spika ya nyuma kulia ni kama mita 15, kwa sababu waya unapanda juu ya fremu ya mlango na kushuka tena. Ndiyo, niliunga katikati kwa kusokota na tepu, mahali pawili. Picha tatu nimeweka. Spika mbili za mbele ni zile ndefu za kusimama zenye wufa (spika ya besi) pembeni. Nyingine tatu ni ndogo.

FundiKondele – Jumamosi, saa 2 asubuhi

Ahsante kwa picha. Nimezikuza nikaziangalia moja moja. Kwa maoni yangu ugonjwa wako wote uko kwenye nyaya, na ni magonjwa matatu tofauti, ndiyo maana yamekuchanganya. Nivumilie niandike kwa urefu, maana watu wengi wanatupa mitambo mizima kwa sababu ya haya.

Tuanze na PROTECT. Katika picha ya pili, kwenye tundu la spika ya mbele kushoto, kuna nyuzi mbili tatu za shaba zimechomoza nje na zimelalia tundu la jirani. Uzi mmoja mwembamba kama unywele unatosha kugusanisha chanya na hasi. Ukiwa na sauti ya chini huenda usione kitu, ukipandisha mtambo unahisi mkondo usio wa kawaida na unazima. Kwa hivyo chomoa mtambo kwenye soketi ya stima, usiuzime kwa remoti tu. Toa nyaya za spika zote. Washa mtambo ukiwa mtupu, sauti chini kabisa. Ukiandika PROTECT hata hapo, basi kasoro iko ndani na nitakubali nimekosea. Ukitulia, zima, chomoa, rudisha spika moja, washa, sikiliza. Halafu zima, chomoa, ongeza ya pili. Endelea hivyo. Usiwahi kuchomeka waya wa spika mtambo ukiwa unacheza. Spika itakayoleta PROTECT ndiyo yenye waya unaogusana, na usisahau kuangalia zile sehemu ulizounga kwa tepu.

Unapomenya waya, menya kama sentimita moja, sokota nyuzi zote kwa vidole ziwe kamba moja ngumu, ndipo uingize. Ukimaliza, usione shaba yoyote nje ya tundu. Ukiiona, umemenya ndefu, kata kidogo.

Ugonjwa wa pili ni unene. Hapa nitaweka hesabu. Waya wako wa kengele, kwa ninavyouona, ni kama milimita 0.5 za mraba. Mita 15 kwenda na mita 15 kurudi ni mita 30 za shaba, na umeme lazima upite zote. Upinzani wa shaba hiyo unafika karibu ohmu 1. Spika yako ni ohmu 3. Maana yake, katika kila wati nne zinazotoka kwenye amplifaya kwenda spika ya nyuma kulia, moja inaishia kupasha waya joto ukutani. Na viungo viwili vya kusokota vinaongeza upinzani juu ya huo. Ndiyo sababu spika inanong'ona. Ungekuwa na spika ya ohmu 8, waya huohuo ungekula kidogo zaidi ya sehemu moja ya tisa, na labda usingelalamika. Kwa ohmu 3, waya mwembamba ni adui.

Chukua waya wa milimita 2.5 za mraba kwa spika za nyuma, na 1.5 unatosha kwa za mbele na ya katikati kama haziko mbali. Kabla ya kwenda dukani, chukua kamba, ipitishe njia ileile waya utakapopita, pembe zote na fremu ya mlango, kisha pima hiyo kamba na uongeze mita moja. Watu hupima kwa macho, waya ukipungua wanaunga, na kiungo ndicho mwanzo wa shida.

Ugonjwa wa tatu ni kubadilisha chanya na hasi. Waya mweupe usio na alama umekufanya ubahatishe, na nina uhakika spika moja ya mbele imegeuzwa. Hilo ndilo linaloleta sauti ya pipa. Nunua waya wenye nyekundu na nyeusi, au wenye mstari upande mmoja, na uape kwamba mstari ni chanya nyumba nzima.

MwalimuWaMawimbi – Jumamosi, saa 4 asubuhi

Nafundisha fizikia hapa Kakamega, niruhusuni niongezee hapo kwenye sauti ya pipa, maana ni jambo ninalolipenda.

Spika hutoa sauti kwa koni yake kusukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Mtambo unapopeleka sauti ya mtangazaji kwa spika ya kushoto na ya kulia sawasawa, koni zote mbili zinapaswa kusukuma kwa wakati mmoja. Ukigeuza waya wa moja, hiyo inavuta wakati mwenzake anasukuma. Hewa iliyosukumwa huku inafyonzwa kule.

Kwa nini besi ndiyo inapotea na si sauti nyembamba? Kwa sababu ya urefu wa wimbi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mtikisiko wa mara 100 kwa sekunde una wimbi la mita 3.4, na wa mara 50 unakaribia mita 7. Kwa wimbi refu hivyo, spika mbili zilizoachana mita mbili ni kama ziko mahali pamoja, kwa hivyo zinafutana karibu kabisa. Sauti nyembamba ya mara 10,000 ina wimbi la sentimita 3.4 tu, hiyo hufutana hapa na kuongezeka pale, sikio haligundui. Ndipo mtu anabaki na gitaa la juu linalolia vizuri na besi iliyoyeyuka, anasema spika ni mbovu.

Jaribio ni rahisi. Zima spika za nyuma na ya katikati kwa kuchagua stirio. Weka kipindi cha mazungumzo, mtu mmoja anaongea. Kaa katikati. Sauti ikisimama hapo mbele yako kama mtu amekaa juu ya meza ya TV, nyaya ziko sawa. Ikitapakaa kila upande, geuza waya wa spika moja tu, moja, kisha usikilize tena. Ukigeuza zote mbili umerudi ulikotoka.

BibiWaSection58 – Jumamosi, saa 6 mchana

Salamu kutoka Nakuru. Mwanangu, ukienda kununua huo waya nenda na wembe. Mimi niliuziwa waya mnene, unang'aa mwekundu, nikafurahi. Baadaye fundi mwingine aliukwaruza mbele yangu, ndani ulikuwa mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Unafanya kazi, lakini upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, kwa hivyo 2.5 ya alumini inafanya kazi ya 1.5 na kitu. Tena inakatika haraka ukiikunja mara kwa mara. Ukiamua kuichukua kwa bei nafuu, basi chukua nene zaidi, lakini uwe umejua.

Na jingine linaniuma mpaka leo. Aliyenijengea nyumba alipitisha nyaya za spika katika paipu moja na nyaya za stima. Ganda la waya wa spika halikutengenezwa kuzuia volti 240. Panya akitafuna pale ndani, stima inakuja mpaka kwenye spika iliyo karibu na mtoto. Nililipa tena kupasua ukuta na kuweka paipu yake peke yake. Kama nyaya lazima zipishane, zikatize kama msalaba, zisitembee pamoja. Waya wangu wa sabwufa, ule wa ishara wenye kichwa cha zambarau, ulikuwa unavuma mmm kutwa nzima. Ulipohamishwa mbali na stima ulinyamaza.

FundiKondele – Jumamosi, saa 7 mchana

Mama amesema kweli tupu. Na mtu asije akatumia waya wa pasi wenye plagi ya miguu mitatu kwa spika, hata kwa muda. Siku moja mtu asiyejua ataichomeka kwenye soketi.

Jambo la zambarau nalo ni muhimu. Kuna sabwufa yenye amplifaya yake ndani, inachomekwa stima na kupokea ishara kwa waya wa kichwa kimoja. Na kuna sabwufa isiyo na stima, inayoendeshwa na mtambo kwa waya wa spika kama nyingine. Ya MwanaMamboleo ni hii ya pili, nayo ina chanya na hasi vilevile.

NyumbaniKisii – Jumamosi, saa 10 jioni

Mimi ni mfupi. Huku kwetu radi haina huruma. Mkisikia ngurumo, chomoeni stima na waya wa antena pia. Wengi wanachomoa stima pekee, radi inaingia kwa antena.

MwanaMamboleo – Jumapili, saa 9 alasiri

Nimerudi na habari. Mtambo mtupu ulikaa dakika kumi bila PROTECT. Amplifaya ni nzima! Fundi, Mungu akubariki. Niliporudisha spika ya mbele kushoto na nyuzi zake zilezile, nikapandisha, ukazima. Nikamenya upya, nikasokota, haukuzima tena.

Kamba ilitoa mita 14 kulia na mita 9 kushoto. Nilienda sokoni Kibuye na wembe, muuzaji akaniangalia lakini akaniruhusu, nikapata shaba mpaka ndani. Kiungo kimoja cha zamani kilichokuwa nyuma ya kabati kilikuwa kimetafunwa na panya, kimebaki uzi mmoja. Kingine shaba imekuwa kijani.

Sasa nimekwama. Waya wa 2.5 hauingii kwenye tundu la mtambo, ni lile dogo la kubonyeza. Nikate nyuzi kadhaa ili uingie?

FundiKondele – Jumapili, saa 9 na nusu alasiri

Usikate nyuzi! Ukikata umefanya waya wa gharama kuwa mwembamba pale unapogusana, na zile zilizokatwa zitachomoza. Nenda na waya mnene mpaka nyuma ya mtambo. Hapo weka konekta, ile ya plastiki yenye skrubu ambayo mafundi wa stima hutumia. Upande wa pili wa konekta toa kipande cha waya mwembamba, sentimita kumi tu, ndicho kiingie kwenye tundu. Upinzani wa sentimita kumi si kitu. Fanya hivyo kwa upande wa spika pia. Anayeweza kulehemu alehemu, ni bora zaidi, lakini konekta iliyokazwa vizuri inatosha.

Kwa faida ya wengine: kama mtambo wako ulikuja na nyaya zenye vichwa vya rangi, msikate vichwa hivyo. Rangi zinazotumika sana ni nyeupe mbele kushoto, nyekundu mbele kulia, kijani katikati, buluu nyuma kushoto, kijivu nyuma kulia, na zambarau ni sabwufa. Kushoto na kulia ni kwa mtu aliyeketi akitazama TV.

MwanaMamboleo – Jumapili, saa 1 usiku

Konekta imefanya kazi. Spika za nyuma zinasikika! Jaribio la Mwalimu nimelifanya, spika ya mbele kulia ndiyo ilikuwa imegeuzwa. Nilipoigeuza besi ilirudi papo hapo, mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kimetokea nini.

Lakini nikiwasha ya katikati, sauti ya mtangazaji inakuwa nyembamba tena. Nimeangalia waya wake mara tatu: mstari kwenye nyekundu huku, mstari kwenye nyekundu kule. Hakuna kosa.

MwalimuWaMawimbi – Jumapili, saa 1 na robo usiku

Mkono wa pili, ulisema. Huenda mtu aliwahi kuifungua hiyo spika akarudisha nyaya za ndani kinyume. Chukua betri ndogo ya remoti, volti 1.5. Itoe spika kwenye mtambo kabisa. Chanya ya betri kwa chanya ya spika, hasi kwa hasi, gusa na uachie mara moja. Mulika koni kwa tochi ya simu. Ikitoka nje, spika iko sawa. Ikiingia ndani, imegeuzwa. Usishikilie betri, gusa tu. Na angalia koni kubwa. Tuita, ile ndogo ya sauti nyembamba, aghalabu ina kapasita mbele yake inayozuia umeme wa betri, na haitaonyesha kitu.

MwanaMamboleo – Jumapili, saa 2 usiku

Imeingia ndani! Nilirudia mara nne nikiwa na dada yangu kama shahidi. Nyingine nne zote zinatoka nje. Ya katikati pekee inaingia.

FundiKondele – Jumapili, saa 2 usiku

Mwalimu, hiyo nimekuvulia kofia. Ndugu, huna haja ya kufungua boksi. Geuza waya nje: kwa spika hiyo peke yake mstari uende kwenye nyeusi. Kisha bandika karatasi mgongoni mwake uandike hivyo, ili atakayekuja baada yako asije "akarekebisha".

Halafu za nyuma: zisiwe nyuma kabisa ya kichwa cha mzee. Ziwe ubavuni mwake, zimerudi nyuma kidogo, juu kidogo ya masikio.

MwanaMamboleo – Jumatatu, saa 12 na nusu asubuhi

Nimeandika karatasi, nimebandika. Jana usiku tuliweka kwanza kipindi cha michezo. Mzee alisikiliza kama dakika tano bila kusema neno, halafu akaanza kumjibu mtangazaji, kubishana naye kama zamani. Baadaye tukaweka benga. Alinyoosha kidole kuelekea spika ya kushoto akasema, "Gitaa la besi liko pale." Tulikaa mpaka saa 6 usiku.

Dada yangu sasa anataka nimfungie yake Bungoma Jumamosi ijayo. Nimemwambia apime kwa kamba kabla sijafika.